ILE KAMERA YA ZIRAI MLIYOILAIKI, NDANI KULIKUWA NA BIBI WA WATU

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina jambo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita na nisipolitoa litaniua. Kabla sijaanza niseme wazi: simtaji mtu jina. Sina hela ya wakili. Na nyie mnaojua, msianze kuandika herufi za kwanza za jina kule kwenye komenti, nitafuta zote.

Mnaikumbuka ile video? Staa wetu yuko milimani, ukungu nyuma yake, koti refu, kashika kamera nyeusi ya kizamani. Anaigeuza geuza, anaivuta pua yake mbele, anachungulia, anacheka. Halafu anafungua mgongo wa kamera, anakuta mkanda, anauvuta wote nje kama utepe wa kaseti, anajivisha shingoni kama skafu. Laiki zikamiminika. Komenti nzima ni "pozi kali", "hiyo kamera naitaka", "vinteji ya ukweli".

Mimi ile video niliisimamisha sekunde kadhaa kabla hajafungua. Pale anapoigeuza, mgongoni mwa kamera kuna kidirisha kidogo chekundu, cha duara, saizi ya kifungo cha shati. Ukiikuza picha kwa vidole unaona ndani yake kuna namba. Sita.

Kwa asiyejua, kamera za namna ile hazina sehemu inayohesabu picha. Mkanda umefungwa na karatasi nyuma yake, na karatasi imeandikwa namba kuanzia 1 mpaka 8. Ukizungusha kitufe, namba inatokea kwenye kidirisha, unapiga, unazungusha tena. Kwahiyo ukiona 6, ujue kuna picha tano zimeshapigwa zimelala mle ndani zinasubiri dawa. Tano, au sita kama aliyepiga hakuzungusha tena.

Na mimi nilijua zilikuwa sita. Najua kwasababu ile kamera imetoka Zirai, kwa babu ninayemjua, na dalali wa lile dili nilikuwa mimi.

Ngoja nianze mwanzo.

Zirai ni kata ya Muheza, kule juu Usambara Mashariki, upande wa Amani. Watu wakisikia Usambara wanawaza Lushoto tu, Irente na peasi zao. Sisi ni mlima mwingine kabisa, kati yetu na wao kuna bonde la mto Lwengera. Kwetu ni chai, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, na mvua isiyouliza msimu. Mimi nimezaliwa huko, nikamaliza fomu foo, matokeo yakaja yalivyokuja, nikashuka Tanga mjini kutafuta maisha. Hii blogu naiandikia kwenye simu.

Huu ugonjwa wa kamera za mkanda ulinianzia Ngamiani kwenye mtumba. Nilikuta kamera nyeusi, mwili wa plastiki ngumu, imeandikwa Brownie Flash, na kwa chini Made in France. Nikasema hii Kodak si ya Marekani? Kumbe Kodak ilikuwa na tawi lake Ufaransa, Kodak-Pathé, na wao walitengeneza Brownie zao wenyewe. Nikanunua kwa elfu nane. Nilipoisafisha lenzi ukungu ukatoka, nikabonyeza, ikasema "tak". Basi, nikanasa.

Sasa nina nne, zote za Kifaransa, zote za makapuku. Nasema za makapuku kwa heshima. Kuna kamera za Kifaransa za matajiri, kama Foca, chuma tupu na lenzi kali. Siziwezi wala sizitamani. Nazopenda mimi ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya fundi, mama wa sokoni, mtu wa kiwandani. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa walipata likizo ya kulipwa, wiki mbili, na mtu akienda likizo anataka picha. Vita vikaja, vikaisha, watu hawana hela ila wana watoto na harusi. Ndipo zikajaa kamera za bakelaiti, ile plastiki nyeusi ya soketi na swichi za zamani, ambayo aliigundua Leo Baekeland mwaka 1907. Haipati kutu. Ukiidondosha inapasuka kama sahani, lakini usipoidondosha itakuzika. Kule Lyon wakatengeneza moja inaitwa Ultra-Fex. Pua yake unaivuta mbele kama droo ndogo, unachungulia kwenye kitundu, unafyatua. Basi. Haina betri, haina umeme, haina cha kuharibika zaidi ya springi.

Na picha zake ni kubwa. Mkanda una picha nane tu, lakini kila moja ni sentimita 6 kwa 9. Hii ndiyo akili yenyewe. Negativu ikiwa kubwa hivyo huhitaji mashine ya kukuzia. Unailaza juu ya karatasi ya picha, unabana na kioo, unawasha taa sekunde kadhaa, unatia kwenye dawa. Picha inatoka saizi ileile. Mtu asiye na umeme, mwenye kachumba kenye giza na taa ya chemli, anafungua studio.

Na ndicho alichofanya Babu.

Babu ninayemsema si babu yangu wa damu, ni jirani wa bibi yangu, ila kwetu mzee yeyote wa umri ule ni babu. Miaka ya sitini alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge kule bondeni. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaja, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa, wazungu wengi wakafungasha. Mmoja wa waliofungasha alikuwa anauza kila kitu mpaka mapazia. Babu akaondoka na Ultra-Fex na kopo la dawa. Akapanda nayo mlimani Zirai.

Kuanzia hapo mpaka mwaka 1984 yeye ndiye alikuwa studio. Harusi, ubatizo, maulidi, mtu anasafiri, mtu kanunua baiskeli, wote kwa Babu. Pazia la nyuma lilikuwa kanga. Na aliyekuwa anaishika ile kanga, mkono mmoja huku mkono mmoja kule, amejificha nyuma yake asionekane, alikuwa mke wake.

Miaka ile ya themanini mwanzoni, wazee wanaijua, dukani hakuna sabuni, hakuna sukari, itakuwa mkanda wa kamera? Babu akabaki na mkanda mmoja. Akakaa nao. Siku moja mwaka 1984 akamwambia mkewe: leo kanga ataishika mtoto, wewe kaa mbele. Akampiga picha sita. Kwenye jiko, kwenye mbuyu, hapana si mbuyu, kwetu hakuna mibuyu, kwenye mkarafuu, na akiwa na cherehani. Mbili alibakiza kwa dharura. Dawa ya kusafishia ilikuwa imekwisha, akasema nikipata nitasafisha. Mwaka 1985 bibi akafariki. Mkanda ukabaki ndani ya kamera, kamera ikabaki kwenye sanduku.

Bibi yule hana picha nyingine hata moja. Mke wa mpiga picha.

Haya. Mwezi ule nikapanda kusalimia, nikamkuta Babu, nikamwambia shikamoo, marahaba mjukuu wangu, tukapiga stori, akanitolea kamera. Nikaipiga picha na simu nikaiweka status. Ushamba wangu ulianzia hapo. Baada ya siku mbili nikapata meseji kutoka kwa meneja wa staa. Wanakuja Amani kushuti video, wameiona kamera, wanaitaka.

Nikampigia Babu. Akafikiria. Akasema hela si neno, ila ndani kuna mkanda. Wao ni watu wa Dar, wanajua wapi kuna mtu wa kuusafisha. Wausafishe, waniletee picha za mama yenu, kamera wachukue. Nikamwandikia meneja kila kitu, kwa herufi kubwa: MSIIFUNGUE, NDANI KUNA MKANDA, MZEE ANATAKA PICHA. Akajibu "poa poa usijali". Wakakubaliana elfu thelathini. Elfu thelathini kwa sababu bei yenyewe ilikuwa picha, mnaelewa? Wakanitumia na mimi elfu ishirini ya udalali. Nikaila. Nilikuwa Tanga, sikupanda nao. Nikawapa namba ya bodaboda wa kuwapeleka.

Siku nne baadaye nikaiona ile video.

Nilimpigia meneja mara saba. Mara ya nane akapokea, akasema "kaka, mkanda wenyewe si ulikuwa wa zamani ushakufa? Content imetoka kali". Content. Nikakata simu.

Najua mashabiki mtakuja juu, kwahiyo nijibu mapema.

Mtasema kalipa hela yake, kamera ni yake. Sawa kabisa. Ukinunua nyumba ni yako, ukikuta mtoto wa watu kalala chumbani naye ni wako?

Mtasema hakujua. Inawezekana kweli yeye mwenyewe hakuambiwa, haya mambo ya mameneja tunayajua. Lakini mtu anayetuambia kwenye kila intavyuu kwamba yeye ni "mkusanyaji wa kamera za kale" na hajui kutazama kidirisha chekundu kabla ya kufungua mgongo, huyo ni mkusanyaji wa kamera au wa mapozi? Hilo ndilo somo la kwanza kabisa. Hata mimi wa mtumba wa Ngamiani nilijifunza siku ya pili, baada ya kuunguza mkanda wangu mwenyewe.

Mtasema mkanda wa miaka 40 hautoi kitu. Hapa nitawabishia. Mwaka 1897 kuna Waswidi watatu walipanda puto kwenda Ncha ya Kaskazini, likaanguka kwenye barafu, wakafa. Mwaka 1930 wakapatikana, na mikanda yao ya kamera nayo ikapatikana. Ikasafishwa. Picha zikatoka, puto limelala ubavu, watu wamesimama pembeni. Miaka 33! Najua, barafu inatunza vitu na Zirai ina unyevu, sikatai. Labda zingetoka hafifu, labda mbili kati ya sita, labda kivuli tu cha mtu na cherehani. Babu angekipokea kivuli.

Na hata baada ya kufungua, angeifunga palepale kungekuwa na kubahatisha. Mkanda ukiwa umejiviringisha, mwanga unakula tabaka za juu kwanza. Picha za mwanzo ziko ndani kabisa, zimefunikwa na nyingine na ile karatasi. Namba 1 na 2 zingeweza kupona. Ila yeye aliuvuta wote. Juani. Akauvaa.

Shida yangu si staa mmoja. Hii imekuwa fasheni sasa, kila mwenye wafuasi laki moja ana kamera ya bibi ya mtu kwenye shelfu lake pembeni ya mshumaa. Vijana wanazunguka vijijini, Lushoto, Korogwe, mpaka Pangani, wananunua kwa elfu kumi na kuuza mjini laki nne. Mi sipingi biashara, na sipingi hata mtu kuweka kamera kama pambo. Nachopinga ni kwamba wanafika kwa mzee, wanabeba kamera, na lile kopo la negativu pembeni yake wanasema "hayo makaratasi meusi bakini nayo". Mzee akifa, wajukuu wanawashia moto.

Mmebeba sufuria mkamwaga pilau.

Waliofika Zanzibar wanaijua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Watu wanaoingia pale hawaendi kuuliza alitumia kamera gani. Wanaenda kuangalia sura. Malick Sidibé wa Mali, yule ambaye picha zake za vijana wa Bamako wakiselebuka zimetundikwa kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani, alianza na Brownie Flash mwaka 1956. Plastiki kama yangu ya elfu nane! Na Mohamed Amin, mtoto aliyekulia Dar, alianza na Box Brownie ya mtumba, akafungua Camerapix hapo hapo Dar mwaka 1963, na mwaka 1984 dunia nzima ikaiona njaa ya Ethiopia kupitia kamera yake. Mwaka uleule ambao Babu alikuwa anampanga mkewe chini ya mkarafuu. Hakuna anayewakumbuka hawa watu kwa kamera zao.

Na sisi watu wa Usambara tumeshazoea vitu vyetu kuondoka bila majina yetu. Lile ua la zambarau linalouzwa kwenye vikopo madukani Ulaya yote ni la kwetu, la misituni kwetu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga alituma mbegu kwao, na kitaalamu likaitwa Saintpaulia, jina lake yeye. Ila nimetoka nje ya mada.

Baada ya ile video nilipanda Zirai. Sikuwa na la kusema, nikabeba sukari kilo mbili na aibu yangu. Nikamweleza Babu. Alikaa kimya, akakoroga chai. Akasema, "Mjukuu wangu, kila anayeshika kisanduku hutaka kukifungua." Hakunilaumu, na hicho ndicho kilichoniumiza zaidi. Ile elfu ishirini nikampa. Akaichukua, akasema atanunua betri za redio.

Halafu akaingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti. Staa na watu wake waliuona siku ile wakauacha. Ndani kuna negativu 112, zimewekwa mbili mbili kwenye karatasi za daftari. Baadhi zimegandana kwa unyevu, hizo hatujazigusa. Tulifanya hivi: simu yangu moja nikaifungua kioo cheupe mwanga wote, juu nikaweka karatasi nyembamba na kipande cha kioo, negativu juu yake, simu nyingine nikapiga, kisha nikageuza rangi. Nyeusi ikawa nyeupe. Watu wakatokea.

Babu alikuwa anawataja. Huyu fulani, alihamia Mombo. Huyu ndiye mwenye baiskeli ya kwanza. Hawa mapacha. Huyu mtoto ni diwani mstaafu, angalia alivyokuwa na makamasi. Nikawa naandika kwenye daftari, namba na jina, namba na jina. Tulifika negativu ya 63 simu ikazima.

Kwenye ya 17 nilisimama. Bwana na bibi harusi wamekaa kwenye viti, nyuma yao kanga imenyooka. Juu kabisa kwenye kona ya kanga, kulia, kuna vidole vinne. Nikamwonyesha. Babu akavaa miwani akaangalia muda mrefu. Akasema, "Ndiye huyo." Tukarudi nyuma kuanza upya, safari hii kutafuta vidole. Vipo kwenye picha 29. Kwenye moja kuna pete.

Sasa nije kwenye ombi langu, maana najua meneja anasoma hapa, kila nikipost anaangalia.

Kamera bakini nayo, hatuitaki. Nimeona mmeiweka kwenye ukurasa wenu inauzwa laki nne na nusu, uzeni. Tunataka vitu viwili. Cha kwanza, ule mkanda. Najua umeungua wote, ni mweusi tii ukisafishwa, hakuna picha tena. Nimemweleza Babu hivyo hivyo. Amesema anautaka.

Cha pili, vile vigurudumu viwili vya chuma vilivyokuwa ndani. Kamera hizi zinatumia mkanda wa 620, ambao Kodak waliacha kuutengeneza mwaka 1995. Mkanda wa 120 bado unapatikana na ni uleule, ila kigurudumu chake kimenenepa, hakiingii. Inabidi uuhamishe gizani kwenye kigurudumu cha zamani, na bila kingine cha kuupokelea upande wa pili haufanyi kazi. Mimi ninacho kimoja tu. Babu anataka kupiga picha kwa ile Brownie Flash yangu, amesema wajukuu wake wa kike wako watatu, na mmoja ana mikono ya bibi yake.

Fungeni kwenye bahasha, mpeni kondakta wa basi lolote la Muheza, nauli ya mzigo nitalipa mimi hapa stendi. Namba yangu mnayo.